Bei Anaijua, Pa Kuuzia Hana: Teknolojia ya Habari na Mkulima Mdogo

Tarehe 14 Januari 1997, kwenye ufukwe wa Badagara katika jimbo la Kerala, India, wavuvi 11 walifika nchi kavu na shehena ya samaki wakakosa hata mnunuzi mmoja. Samaki wale walikuwa wa kumwagwa. Wakati huohuo, ndani ya kilomita 15, wanunuzi 27 kwenye masoko mawili ya jirani walikuwa wanajiandaa kurudi makwao mikono mitupu. Hakuna upande uliokuwa na habari za mwenzake.

Mwaka huohuo minara ya simu za mkononi ilianza kusimikwa kando ya pwani hiyo, na mawimbi yake yakafika mbali hata baharini. Wavuvi wakawa wanapiga simu wakiwa bado majini kuulizia ufukwe upi una wateja na bei imesimamaje. Mchumi Robert Jensen, aliyefuatilia masoko hayo kwa miaka, alichapisha matokeo mwaka 2007. Kabla ya simu, asilimia 5 hadi 8 ya samaki waliovuliwa walikuwa wakipotea bure. Baada ya simu upotevu huo karibu uishe kabisa. Bei za ufukwe mmoja na mwingine zilikaribiana, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na mlaji akanunua kwa bei iliyoshuka kwa asilimia 4.

Kisa hiki kiliwasisimua watu wengi wanaoshughulikia maendeleo, na ni haki yake. Serikali, mashirika na kampuni za simu zikakimbilia kubuni huduma za kumtumia mkulima bei za mazao, utabiri wa mvua na ushauri wa kilimo. Hoja ilionekana nyoofu: mkulima ni maskini kwa sababu hajui, mjulishe, atainuka.

Basi ikajaribiwa shambani. Katika jimbo la Maharashtra, nchini India humohumo, kampuni ya Reuters ilianzisha mwaka 2007 huduma ya Reuters Market Light iliyotuma bei za sokoni, hali ya hewa na ushauri wa mazao kwa ujumbe mfupi. Marcel Fafchamps na Bart Minten waliipima katika vijiji 100, baadhi ya wakulima wakipewa huduma bure na wengine wakikaa bila, ili walinganishwe. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yaliwavunja moyo wengi: bei waliyopata wakulima wenye huduma haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika na ya wenzao wasio nayo. Hata hasara ya mazao kutokana na mvua haikupungua.

Simu ni ileile, nchi ni ileile, na habari ni za aina moja. Kwa nini upande mmoja ulipata na mwingine ukakosa? Anayelielewa swali hili atakuwa ameelewa karibu kila kitu kuhusu teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, katika kilimo cha nchi zinazoendelea.

Habari hufaa anayeweza kuitumia

Mvuvi wa Kerala ana boti. Usafiri uko mikononi mwake, na kugeuza usukani kuelekea ufukwe mwingine kunamgharimu mafuta tu. Bidhaa yake inaoza ndani ya saa chache, kwa hiyo habari ya saa hii ina thamani saa hii. Masoko yamepangana ufuoni, na yote anaweza kuyafikia kabla jua halijawa kali. Kilichokuwa kimemkwamisha ni kimoja tu, nacho ni kutojua. Simu ilipoondoa hicho, hapakuwa na kingine cha kumzuia.

Mkulima mwenye magunia matano ya mahindi yuko kwenye hali nyingine kabisa. Kukodi gari kwa ajili ya magunia matano ni kumaliza faida yote barabarani. Akifika sokoni hajui mizani ni ya nani wala ushuru ni kiasi gani. Na mara nyingi sana mnunuzi anayemfuata nyumbani ndiye aliyemkopesha mbegu na mbolea mwanzo wa msimu, au aliyempa fedha mgonjwa alipolazwa. Deni hilo hulipwa kwa mazao, kwa bei ya mkopeshaji. Ujumbe wa simu unaomwambia kwamba mjini gunia ni bei mara moja na nusu unamjulisha tu kuwa anapunjwa. Njia ya kukataa haumpi.

Utafiti uliofanywa na Mitra, Mookherjee, Torero na Visaria kwa wakulima wa viazi huko West Bengal, India, ulionyesha jambo hilohilo: wakulima walipewa bei za soko la jumla, lakini kwa wastani bei waliyouzia haikupanda. Hawakuwa na njia ya kuingia kwenye soko la jumla. Waliuza kwa mfanyabiashara wa kijijini, na ubishi wao ulikuwa na mpaka.

Nchini Niger mambo yalikwenda kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia. Jenny Aker alichunguza masoko ya nafaka wakati simu zilipokuwa zikisambaa nchini humo, kati ya mwaka 2001 na 2006. Tofauti ya bei kati ya soko na soko ilipungua kwa asilimia 10 hadi 16, na ilipungua zaidi pale masoko yalipoachana sana na barabara zilipokuwa mbovu. Waliozitumia simu hizo kuleta mabadiliko walikuwa hasa wafanyabiashara wa nafaka, kwa sababu wao ndio wenye malori na mtaji wa kuhamisha mtama kutoka kulikojaa hadi kulikopungua. Tumezoea kumlaani mlanguzi, na wapo wanaostahili, lakini mipango inayomwona kama wa kuondolewa tu husahau kwamba kazi anayoifanya lazima ifanywe na mtu.

Ndiyo maana naona mfano wa e-Choupal unafundisha zaidi kuliko Kerala. Mwaka 2000 kampuni ya ITC ya India ilianza kuweka vibanda vyenye kompyuta na intaneti katika vijiji vya Madhya Pradesh, eneo linalolima soya kwa wingi. Mkulima aliona bei ya siku kibandani. Pamoja na bei hiyo, kampuni ilifungua vituo vyake vya kununua soya moja kwa moja, kwa mizani ya kisasa na malipo ya papo hapo. Aparajita Goyal alipopima, aligundua kuwa bei ya soya ilipanda kwa asilimia 1 hadi 3 hata katika masoko ya kawaida ya serikali ambako wengi waliendelea kuuza. Wafanyabiashara wa masoko hayo walijua sasa mkulima ana pengine pa kwenda. Bei peke yake haikuwa imewatisha.

Ghana nayo imetoa funzo la namna yake. Huduma ya Esoko iliwatumia wakulima wa viazi vikuu bei za masoko makubwa. Waliopata ujumbe walibishana vizuri zaidi na wakauza kwa bei nzuri zaidi. Lakini watafiti waliona pia kuwa wakulima wengine ambao hawakupata ujumbe wowote walinufaika, kwa sababu mfanyabiashara hakuweza kumtambua mwenye habari na asiye nazo, akalazimika kuwa mwangalifu kwa wote. Anayepima huduma kwa kuwalinganisha majirani anaweza kusema haikufaa kitu, kumbe faida imevuka ua.

Ushauri: faida ndogo, gharama ndogo zaidi

Eneo la pili ambako TEHAMA imetumika sana ni ushauri wa kilimo, na hapa matumaini yangu ni makubwa kuliko kwenye bei. Bwana shamba mmoja katika nchi nyingi zinazoendelea anahudumia kaya nyingi kuliko anavyoweza kuzitembelea hata kwa miaka kadhaa, mara nyingi bila pikipiki wala mafuta. Wapo wakulima wanaozeeka bila kuonana naye. Dunia ina mashamba zaidi ya milioni 600, na kiasi cha asilimia 84 kati yake hayafiki hekta mbili. Kila shamba lina udongo wake, na hakuna serikali yenye watu wa kutosha kuyazungukia yote kwa miguu.

Mwaka 2019 Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach walikusanya tafiti mbalimbali za ushauri wa kidijiti, hasa za Afrika na India. Kwa ujumla, mavuno yalipanda kwa asilimia 4, na uwezekano wa mkulima kutumia pembejeo iliyopendekezwa, kwa mfano chokaa kwenye udongo wenye tindikali, uliongezeka kwa asilimia 22. Asilimia 4 ni ndogo, haijengi nyumba. Lakini kutuma ujumbe kwa mkulima mmoja zaidi hakugharimu karibu chochote, ilhali ziara moja ya bwana shamba hugharimu mafuta, posho na siku nzima. Huduma isiyogharimu kitu inapoongeza kidogo kwa mamilioni ya watu, hesabu yake ni nzuri kuliko mradi wa fahari unaofika vijiji kumi na kuisha.

Hata hivyo tafiti hizo hazisemi kwamba ujumbe wowote utafaa. Ujumbe unaosema "pandeni mapema, tumieni mbegu bora" ni wa kutupwa. Kila mkulima alishausikia redioni tangu utotoni. Unaofaa humwambia mtu wa kata hii kwamba udongo wa kwake una tindikali, kwamba anahitaji chokaa kiasi hiki kwa eneo hili, na kwamba duka lililo karibu linayo. Humfikia wiki ya kuandaa shamba. Ukimfika wakati mahindi yamefika kiunoni, ni kero.

Halafu kuna suala la kusoma. Ujumbe wa maandishi ni rahisi kutuma, na hapo ndipo watengenezaji wengi huishia. Huduma zilizodumu zimeegemea sauti. India ilifungua mwaka 2004 vituo vya simu vya wakulima, Kisan Call Centre, ambako mkulima hupiga bila malipo na kujibiwa katika lugha 22. Ethiopia ilianzisha mwaka 2014 namba 8028, ambapo mpigaji husikiliza ushauri uliorekodiwa katika lugha yake na kuchagua zao kwa kubonyeza tarakimu, mamilioni wameipigia. Katika jimbo la Gujarat, India, kulikuwa na Avaaj Otalo, ambako mkulima alirekodi swali lake kwa sauti, akajibiwa na mtaalamu, na wengine wakaweza kusikiliza swali na jibu. Katika utafiti wa Shawn Cole na Nilesh Fernando, wakulima wa pamba waliopewa huduma hiyo waligeukia zaidi viuatilifu vilivyopendekezwa na kupunguza kutegemea ushauri wa wauza dawa. Jambo hilo la mwisho ni zito, kwa sababu muuza dawa ndiye mshauri wa wengi, na anachoshauri ndicho anachouza.

Redio haijashindwa hata kidogo. Farm Radio International, iliyoanzishwa mwaka 1979 na mtangazaji wa Kanada George Atkins, imekuwa ikiwapa watangazaji wa vijijini maudhui ya kilimo kwa miongo yote hii. Simu imeiongezea redio masikio: msikilizaji anabipu kupiga kura au kuomba apigiwe, na mtangazaji anajua watu wanahangaika na nini wiki hii. Kwangu mimi huo ndio muungano wenye nguvu kuliko programu nyingi za simu janja, maana redio inamfikia hata asiye na chaji.

Video nazo zina nafasi yake. Digital Green ilianza mwaka 2006 kama utafiti wa Microsoft mjini Bangalore. Wakulima wa kijijini hurekodiwa wakifanya kazi yenyewe, kisha video huoneshwa kwa vikundi vya majirani, na mtu wa palepale huisimamisha katikati na kuuliza maswali. Mtazamaji humuona mtu wa mavazi yake, wa lahaja yake, kwenye udongo kama wake, na ile dhana kwamba "hayo ni ya wataalamu" hupungua. Bila yule anayesimamisha video, mara nyingi inabaki burudani.

Simu janja imeleta kile ambacho sauti haiwezi, nacho ni kuona. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Afrika mwaka 2016 na kusambaa karibu bara zima ndani ya miaka michache, maafisa ugani wenyewe wengi walikuwa hawajawahi kuviona. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa ushirikiano na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, inatambua dalili za kiwavi huyo kwenye mahindi na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye jani. Waliibuni ifanye kazi bila intaneti, na uamuzi huo mmoja una thamani kuliko mapambo yote, kwa sababu shamba la muhogo ndipo mtandao hukatika.

Fedha na bima

Fedha kwa simu imefungua milango ambayo habari peke yake isingeifungua. Nigeria mwaka 2012, chini ya waziri wa kilimo Akinwumi Adesina, ilianza kugawa ruzuku ya mbolea kwa vocha za simu zilizokwenda moja kwa moja kwa mkulima. Adesina alikuwa akieleza kwamba katika mfumo wa zamani ni asilimia 11 tu ya wakulima waliokuwa wakiipata mbolea hiyo. Iliyobaki iliishia mikononi mwa wakubwa na wafanyabiashara. Vocha hazikuondoa matatizo yote. Mkulima aliweza kufika kituoni akakuta mtandao umekatika au mbolea haijafika, na ujumbe ulio kwenye simu hauwekwi shimoni.

Bima ndiyo iliyo ngumu zaidi kueleweka, na ndiyo inayowaumiza watu isipoelezwa. Bima ya kawaida hutuma mtu aje kukagua shamba lililoharibika. Kwa shamba la ekari moja ukaguzi huo unaizidi thamani ya mazao, ndiyo maana kampuni ziliwakimbia wakulima wadogo. Mwaka 2009 nchini Kenya ukaanza mpango wa Kilimo Salama, wa Wakfu wa Syngenta, kampuni ya bima ya UAP na Safaricom. Mkulima alinunua mbegu au mbolea yenye bima dukani, muuzaji akaisajili kwa simu, na kituo cha hali ya hewa kinachotumia umeme wa jua kikapima mvua ya eneo lile. Mvua iliposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo yaliingia M-Pesa bila mtu kukanyaga shamba. Mwaka 2010 huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wafugaji wakapata bima ya namna hiyo, ila kipimo chao ni picha za setilaiti zinazoonyesha malisho yamekauka kiasi gani.

Mzigo wake ni huu: kinachopimwa ni mvua kituoni au ukijani wa eneo zima, na hasara ni ya shamba moja. Mvua inaweza kunyesha kituoni na kuruka shamba lililo kilomita nane kutoka hapo. Mkulima huyo amekatwa fedha ya bima, mahindi yamekauka, na simu haileti kitu. Kampuni haijamdanganya; mkataba ndivyo ulivyo. Lakini kama hakuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa siku ya kununua, hatakata bima tena, wala jirani zake. Vipimo vikiwa karibu zaidi na picha za setilaiti zikiwa za eneo dogo zaidi, pengo hilo hupungua, ingawa haliishi.

Wasiofikiwa

Zamani jibu la kila swali lilikuwa ni kujenga minara. Kwa hesabu za mwaka 2024 za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, asilimia 4 tu ya watu duniani waliishi pasipofika intaneti ya simu, lakini asilimia 39 waliishi inapofika na hawakuitumia. Mnara wanauona. Simu yenyewe ni ghali, vifurushi ni ghali, lugha iliyomo si yao, au simu ya nyumbani ni moja na inakaa mfukoni mwa baba. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hesabu hizohizo, wanawake walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 wa kutumia intaneti ya simu kuliko wanaume. Na katika sehemu kubwa ya nchi hizo mwanamke ndiye anayepanda, anayepalilia na anayehifadhi mbegu. Ujumbe kuhusu palizi unapopelekwa kwa namba ya mume anayefanya kazi mjini, mfumo unahesabu kuwa mkulima amefikiwa.

Tatizo jingine ni uhai wa miradi yenyewe. Mkulima mdogo hana uwezo wa kulipia ushauri, hata akiupenda. Huduma nyingi huanza kwa fedha za wafadhili, husifiwa kwenye mikutano, na hufa ruzuku inapokwisha, mkulima akibaki na namba isiyopokelewa. Zilizobaki hutafuta mlipaji mwingine: serikali, kama India na Ethiopia, au kampuni za mbegu, mikopo na viuatilifu. Hapo maslahi huingia. Programu inayojua ukubwa wa shamba lako, zao lako, deni lako na siku unayovuna ina taarifa ambazo mnunuzi angelipa vizuri kuzipata kabla hajaja kujadiliana nawe. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, lakini mkulima anayebonyeza "nakubali" kwenye simu ya kuazima hajui amekubali nini, na mashirika yanayomsajili yana wajibu wa kumweleza kwa mdomo.

Swali la nani wa kuaminiwa limekuwa kali zaidi tangu akili mnemba ianze kujibu wakulima kwa sauti na kwa lugha zao. Faida yake iko wazi kwa mtu ambaye hajawahi kupata wa kumuuliza. Hatari yake ni kwamba mashine haisiti: inaweza kutaja kipimo cha kiuatilifu kwa uhakika uleule iwe imepatia au imekosea, na kipimo kikikosewa kinaua mazao au kinamdhuru mpigaji dawa. Kisan Call Centre ilishalijibu jambo hili kabla ya akili mnemba kuzungumzwa. Anayepokea simu ni mhitimu wa kilimo. Swali likimshinda hulipandisha kwa mtaalamu wa zao husika, na likishindikana huko hupelekwa ngazi ya tatu, kwa wasimamizi na wataalamu waandamizi wanaolifuatilia hadi mkulima apate jibu. Huduma yoyote ya mashine inayotaka kuaminiwa na mkulima inapaswa kuwa na ngazi hizo tatu, pamoja na namba ya mtu atakayewajibika kwa jibu lililotolewa.